Fundi, huku kwenye barafu nako wanachonga

Winnipeg, Manitoba

Fundi wangu, salaam sana.

Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza yote, pamoja na tezo inayogonga nyuma yako na yule jirani wa kibanda cha pili anayebishana bei na mteja. Nimecheka weee, mpaka nilipofika pale unaposimulia yule mama aliyekinyanyua kinyago chako, akakigeuza huku na huku, akauliza kama hiki ni "cha asili" au umechonga tu kwa ajili ya watalii, kisha akakirudisha mezani. Unaniuliza: kwani mimi nimetoka wapi, si hapahapa? Halafu ukamalizia kwa utani kwamba nikuulizie huku kwenye barafu kama kuna mafundi, na kama nao huulizwa upuuzi wa namna hiyo.

Mafundi wapo. Na wanaulizwa vilevile. Basi kaa, maana jibu lenyewe refu.

Katikati ya mji huu ninaoishi kuna jengo jeupe linaitwa Qaumajuq, lilifunguliwa mwaka 2021, sehemu ya makumbusho ya sanaa ya Winnipeg. Ukiingia tu, mbele yako kuna ghala la vioo lililopanda ghorofa moja juu ya nyingine, na ndani yake vimepangwa vinyago vya mawe karibu elfu tano. Wewe ungesimama pale mpaka mlinzi akuonee wasiwasi. Dubu, sili yule mnyama wa baharini wanayemwinda, mama aliyebeba mtoto kwenye kofia ya koti, mtu anayegeuka ndege, nyuso zilizorundikana juu ya jiwe moja kama zile za miti ya ujamaa mnazochonga nyinyi. Vyote vimetoka kwa Wainuit, watu wa kaskazini kabisa ya Kanada, ambako mti hauoti. Ndiyo maana jiwe.

Ila si lile jiwe laini la Kisii wanalouza majirani zako hapo Mwenge. Lipo laini kwao pia, na zamani ndilo walilotengenezea taa za kuchomea mafuta ya sili na vyungu vya kupikia. Lakini wachongaji wa leo, hasa wa kijiji cha Kinngait, wanapenda sapentini, jiwe gumu zaidi, la kijani au la kuelekea weusi, lenye mishipa ndani. Huko Rankin Inlet na Arviat, upande wa magharibi wa Ghuba ya Hudson, mawe ni ya kijivu na magumu, na ukiangalia kazi za huko unaliona jiwe lenyewe limeamuru: hakuna mapambo madogomadogo, umbo zito tu na uso uliochorwa kwa mikato michache. Marehemu John Tiktak wa Rankin Inlet alikuwa hivyo. Mtu mzima anatoka kwenye jiwe, na bado jiwe linabaki jiwe.

Nikueleze linavyopatikana, maana najua ndilo utakalouliza. Kinngait ni kijiji cha watu kama 1,400 kwenye kisiwa kidogo pembeni mwa kisiwa kikubwa cha Baffin. Kwenye ramani za zamani utakiona kwa jina la Cape Dorset, jina hilo limeondolewa rasmi 2020. Barabara ya kwenda huko haipo; ni ndege, na meli ya mizigo miezi ya kiangazi bahari inapofunguka. Machimbo ya mawe yako mbali, mengine ni safari ndefu ya mashua kwenye maji ambayo ukitumbukia huponi. Wanakwenda kikundi, na mitaimbo, nyundo na kabari, wanasubiri maji yapwe na yajae ili kupakia, wanarudi na mawe tumboni mwa mashua huku wakiomba upepo usibadilike. Majira ya baridi, barafu ikishika, wengine huvuta mzigo kwa pikipiki ya theluji. Baruti hawaipendi, kwa sababu inaacha nyufa ndani ya jiwe usizoziona, na nyufa hizo zinajitokeza siku ya mwisho unapopiga msasa. Huo uchungu wewe unaujua kwa mpingo uliooza moyo.

Kitu kimoja kilinifurahisha. Wainuit walipoweka mkataba na serikali ya Kanada kuhusu ardhi yao, ule uliozaa jimbo la Nunavut mwaka 1999, waliingiza na jiwe la kuchonga. Mwinuit ana haki ya kuchukua hadi yadi za ujazo 50 kwa mwaka katika ardhi ya serikali bila kibali cha mtu. Hebu fikiria, kwenye mkataba wa nchi, pamoja na nyangumi na madini, kuna kipengele cha jiwe la fundi. Nyinyi kila gogo la mpingo na karatasi yake na foleni yake, na kila karatasi na mtu wake anayetaka chai.

Sasa tuje kwa yule mama wako wa "asili".

Hii biashara ya vinyago vikubwa vya mawe si ya kale. Kuchonga ni kwa kale: vijitu vidogo vya pembe ya walrasi, yule mnyama mkubwa wa baharini, hirizi, vichwa vya chusa, vipo vya tangu maelfu ya miaka, vinaingia kwenye kiganja. Lakini kinyago cha jiwe cha kuweka juu ya meza ya mtu wa mjini kilianza juzi tu, tena tarehe yake inajulikana. Mwaka 1948 mchoraji mmoja kijana wa Kanada, James Houston, alifika Inukjuak, pwani ya mashariki ya Ghuba ya Hudson, akapewa vinyago vidogo, akavipeleka Montreal. Chama kimoja cha kazi za mikono kikampa fedha arudi akanunue vingi. Novemba 1949 vikawekwa sokoni Montreal. Ndani ya siku tatu havikubaki.

Na wakati ule watu walikuwa na shida kweli. Walikuwa wamezoeshwa kutega mbweha mweupe na kuuza ngozi kwa kampuni ili wapate risasi, chai na unga. Mwishoni mwa miaka ya 1940 bei ya ngozi ikaanguka. Huwezi kula mbweha, na huwezi kuwinda bila risasi. Serikali ilipoona vinyago vinauzika, ikaona hapa kuna njia ya watu kupata fedha bila kupewa msaada, ikatia nguvu. Kikatoka na kijitabu, mwaka 1951, chenye michoro ya kuwaonyesha mafundi vitu vya kutengeneza ambavyo wateja wangependa. Eti mtu aliyewinda walrasi maisha yake yote anaonyeshwa kwa picha achonge nini! Baadaye hata wenyewe waliona aibu wakakiacha, lakini hadi leo kuna wasomi wanaokitaja kila wanapotaka kusema kwamba sanaa hii ilitengenezwa na Wazungu.

Mimi nikisikia hivyo nakumbuka hadithi mnayosimuliana nyinyi kila siku, ya mzee Samaki, yule mchongaji wa Kimakonde, na vinyago vyake vya mashetani, na duka la Peera pale Dar lililoyanunua. Kwani Peera ndiye aliyeota yale mashetani? Mnunuzi alifungua mlango. Aliyekuwa na kitu cha kupitisha mlangoni ni fundi. Huku ni hivyohivyo. Houston alinunua, akasifu, akakataa hiki akachukua kile, na hilo lina nguvu yake, silikatai. Lakini mwaka 1959 wenyeji wa Kinngait wakaanzisha chama chao cha ushirika, mali yao, na kipo mpaka leo. Ushirika, Fundi, unaonunua kinyago asubuhi na kulipa asubuhi hiyohiyo. Najua neno ushirika kwako lina harufu ya kahawa na madeni, lakini huu umesimama.

Na vilivyotoka pale si vya kijitabu. Alikuwepo Osuitok Ipeelee, aliyefariki 2005, mwindaji kwanza na mchongaji baadaye kama wote wa rika lake. Kazi zake za karibou, yule mnyama wa jamii ya kulungu mwenye pembe kama matawi, sijui nikuelezeje. Mwili mzito wa jiwe, halafu miguu myembamba hadi unaogopa kupiga chafya karibu yake. Sapentini ile ikikatika haina gundi. Alikuwa anatafuta nini? Mteja angeridhika na karibou aliyelala, angelipa bei ileile. Nadhani wewe unajua alichokuwa anatafuta kuliko mtu yeyote wa makumbusho.

Lakini ninayetaka umjue hasa ni mwanamke, Oviloo Tunnillie.

Alizaliwa 1949 kwenye kambi ya wawindaji kusini mwa Baffin; baba yake, Toonoo, naye alikuwa mchongaji. Utoto wake uliangukia miaka ile kifua kikuu kilipokuwa kinawamaliza. Serikali ilikuwa na meli, C.D. Howe, iliyozunguka vijiji kila kiangazi ikiwapiga watu picha za kifua. Aliyeonekana na doa haruhusiwi kushuka tena. Anachukuliwa hivyo alivyo, mtoto bila mama, mama bila mtoto, hadi hospitali za kusini. Mwaka 1956 Mwinuit mmoja kati ya kila saba alikuwa amelazwa kusini. Wengine walifia huko na kwao hawakuambiwa walizikwa wapi. Waziri mkuu wa Kanada alikuja kuomba radhi mwaka 2019, baada ya miaka sitini na zaidi.

Oviloo alichukuliwa akiwa mtoto mdogo, akaletwa hukuhuku Manitoba, mkoa ninakoishi mimi. Alikaa miaka. Aliporudi kwao alikuwa ameisahau lugha ya nyumbani, hawaelewani na mama yake. Kwa hiyo ukiniambia "asili", Fundi, mtu huyu asili yake tuiweke wapi? Kwenye nyumba ya barafu, au kwenye kitanda cha chuma cha hospitali?

Kinyago chake cha kwanza aliuza 1966. Kuchonga mawe kulikuwa kazi ya wanaume hasa. Wanawake walishona na kuchora, na mara nyingi walikuwa wanapiga msasa kazi ambayo mume ndiye anayeitia sahihi. Yeye akashika shoka na tupa, baadaye grainda, akachonga kwa jina lake. Na alichonga nini? Mcheza mpira wa Kimarekani na makofia yake. Mwanamke wa viatu vya visigino virefu. Wanawake uchi waliofunika uso kwa mikono, wasio na hirizi wala mnyama pembeni wa kumfurahisha mnunuzi. Alimchonga pia Sedna, yule mama wa baharini ambaye vidole vyake vilivyokatwa ndivyo vilivyogeuka sili, maana na yeye ni wa kwao. Hakuchagua upande. Na mwanzoni mwa miaka ya 1990 akachonga alichokikumbuka cha utotoni: yeye mdogo katikati ya wanawake wa mjini wenye mikoba na nyavu usoni, wale waliokuwa wakimshika mkono kumpeleka asikokujua. Zile nyavu za kofia, mtindo wa kawaida tu wa wakati ule, kwa mtoto wa Baffin zilikuwa kitisho. Amezichonga kwenye jiwe.

Alifariki 2014. Miaka miwili baadaye makumbusho ya hapa Winnipeg yakamfanyia maonyesho yake peke yake. Mkoa uleule. Nimelifikiria hilo sana, sina la kuongeza.

Nisije nikakufanya udhani maisha yao ni maonyesho. Siku ya mchongaji ni vumbi. Wanachonga nje, au kwenye vibanda vya mbao visivyo na moto, hata baridi ikiwa nyuzi thelathini chini ya sifuri, kwa sababu vumbi la jiwe ndani ya nyumba linaua. Mawe mengine yana nyuzi za asbestosi. Grainda inalia, mtu amevaa barakoa, miwani na makoti mawili, mweupe kuanzia nyusi hadi viatu. Wazee walianza na shoka, msumeno na tupa, na kulikuwa kimya. Mashine imeongeza kasi na imeongeza kukohoa. Kumalizia ni kwa msasa wa maji, kutoka mkali kwenda laini, na hapo ndipo rangi inapojitokeza. Ile kijivu chafu inageuka kijani kama chupa. Kisha nta kidogo. Huko mwisho bado mara nyingi utakuta mke au watoto ndio wanaosugua.

Kisha kinafungwa kwenye taulo kinapelekwa ushirika. Mnunuzi anakipima kwa macho, anataja bei, na bei hiyo jioni imekuwa petroli, risasi, maziwa ya mtoto. Vyakula dukani kule ni ghali mno kwa sababu ya usafiri, kwa hiyo nyama ya kuwinda si mapambo ya utamaduni, ni chakula. Kinyago kinanunua petroli, petroli inaleta sili. Asiyetaka bei ya ushirika anatembeza mwenyewe. Mjini Iqaluit, mji mkuu wao, wachongaji hupita meza kwa meza kwenye migahawa wakati watu wanakula, wanaweka dubu wa jiwe karibu na sahani yako bila maneno mengi. Hapo ungejisikia uko baa za Sinza.

Na ndiyo, wateja wanataka dubu. Dubu, dubu, dubu. Marehemu Pauta Saila alilijibu hilo kwa namna yake: akachonga dubu anacheza ngoma, kasimama wima kwa mguu mmoja, mnene, kichwa juu. Umetaka dubu? Chukua huyu.

Feki nazo zipo. Maduka ya watalii yamejaa vinyago vya kumimina kwenye kalibu, unga wa mawe na gundi, vinafanana wote kama mapacha. Ndiyo maana tangu 1958 kuna lebo maalumu yenye picha ya nyumba ya barafu, inayofungwa kwenye kazi halisi ya Mwinuit. Siku hizi inasimamiwa na taasisi ya wasanii wenyewe. Chini ya kazi halisi utakuta jina kwa herufi zao, ambazo zinafanana na pembetatu na ndoano. Kwenye kazi za zamani unaweza kukuta namba badala ya jina, kwa mfano inayoanza na E7. Maofisa walishindwa kuandika majina ya watu, basi kuanzia miaka ya 1940 kila Mwinuit akapewa kidani cha shingoni chenye namba. Fundi anaweka sahihi ya namba! Leo wataalamu wanatumia namba hizohizo kutambua ni nani aliyechonga, kwa hiyo mnada unaipigia debe ile namba na bei inapanda.

Bei, hapo ndipo utakasirika. Mchongaji Joe Talirunili wa kijiji cha Puvirnituq alinusurika utotoni safari ya hatari ya familia nyingi ndani ya mashua moja, na uzeeni akaichonga mashua ile tena na tena, watu wamebanana, makasia yametoka pande zote. Alikufa 1976. Mashua zile sasa zinauzwa minadani kwa laki kadhaa za dola. Kwa miaka mingi wasanii wa Kanada wamekuwa wakidai sheria ya kumpa msanii au familia yake sehemu kila kazi inapouzwa upya. Nikipata habari mpya za hilo nitakutumia, kawasomee wenzako pale kibandani.

Kwa hiyo yule mama, akirudi, mwambie unachonga ili upate kula, na uchonge unachokiona. Au usimwambie chochote, mpe bei ya juu.

Sasa mambo yetu. Nimekununulia barakoa za vumbi, zile nzito wanazotumia huku, zenye vichujio vya kubadilisha. Mpingo nao vumbi lake si zuri, na ile kikohozi niliyoisikia kwenye sauti yako siipendi. Nenda ukapimwe, usiniambie ni mafua. Nitampa mtu anayekuja mwezi ujao pamoja na picha za karibou wa Osuitok nilizochapisha kubwa, pande zote nne. Angalia miguu ile uniambie: mpingo uliokauka vizuri ungekubali wembamba huo, au ungepasuka kwenye goti? Mimi nasema ungekubali. Tuwekeane dau la chipsi kuku.

Mama mfikishie shikamoo yangu, na shemeji umwambie ule mkeka aliousuka upo ukutani, kila mgeni anauulizia. Yule mjukuu wa mzee wa kibanda cha kona bado anajifunza kwako, au amekimbilia bodaboda?

Niandikie, usitume sauti tu.

Wako,
wa Winnipeg